Ruta ya 4G kuzorota jioni, Uyole

Dada yangu, umesema ruta yako ya 4G inakimbia asubuhi, ila ikifika saa mbili usiku hata video haifunguki, na umeshauriwa ununue kifurushi cha GB nyingi zaidi. Tafadhali usitoe hela hiyo bado. GB zaidi hazitaongeza kasi kama mnara umeelemewa au mawimbi yanakufikia yakiwa dhaifu.

Pima kasi ukiwa umekaa jirani na ruta, kisha pima chumbani. Ikishuka chumbani tu, shida ni Wi-Fi na kuta zako za tofali. Ruta ihamie katikati ya nyumba.

Kasi ikiwa mbovu kote, ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani iko kwenye kibandiko chini yake), utafute RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Ni namba hasi: -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Hapo sasa izungushe nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, ukisubiri kidogo kila mahali namba itulie. Iweke juu, mbali na mabati na friji. Milima yetu inakinga mawimbi, kwa hiyo upande wa dirisha una maana kubwa. Ukungu wala usiulaumu, 4G haiusikii.

RSRP ikiwa nzuri na usiku bado inakwama, mnara una watu wengi. Kama ruta haijafungwa kwa mtandao mmoja, azima laini ya mtandao mwingine uijaribu saa hiyohiyo ya usiku, kabla ya kununua chochote.