Kukaa na mtoto wa jirani usiku kucha: uliza kwanza anavyolala

Dadangu wa Mikindani, swali lako nimelisoma hapa jukwaani, na majibu ya wenzetu pia. Jirani yako anakwenda kujifungua, mumewe yuko safarini, na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu atabaki nawe usiku, nawe hujawahi kulea. Mimi niko Majengo, hapa Mombasa, na jambo hilo hilo lilinifika kabla sijapata wa kwangu. Mama wa nyumba ya pili alishikwa na uchungu alasiri, nikaachiwa kijana wake wa umri huo. Tangu hapo nimeachiwa wengi, wa ndugu na wa mtaani, na kila anayeniuliza namwambia: muulize mamake mtoto analala vipi. Watu huuliza anakula nini. Mtoto mzima wa afya akila vijiko vichache usiku mmoja hadhuriki. Usingizi ndio utakaowahangaisha nyote wawili.

Uliza kwa undani. Taa huwaka au huzimwa? Hubebwa, au hupigwapigwa mgongoni? Akiamka usiku hutaka nini, na akitaka maji husemaje? Yule kijana, mamake akingojea tuktuk mlangoni, alivua leso aliyojitanda akanipa: "Shika hii, wala usiifue." Usiku ndipo nilipoiona kazi yake. Alilitafuta pindo, akalishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akawa analisugua polepole, kidole cha mkono wa pili kimo mdomoni, macho yanafumba. Leso ikimponyoka anashtuka, namrudishia pindo mkononi, anaendelea kusugua. Jambo kama hilo huwezi kulibuni, lazima uambiwe. Kwa hiyo mwombe mamake leso aliyokwisha kuivaa, yenye harufu yake.

Jingine ni namna mamake atakavyoondoka. Wengi hapa wamekushauri atoke mtoto amelala, au apelekwe nyuma ya nyumba apumbazwe. Mimi sikubali. Umri huo hofu ya kuachwa na mama bado ni kali mno. Mama amwambie wazi, "Mama anakwenda, atarudi, utabaki na shangazi," ambusu, aende zake. Atalia, ndiyo. Mbebe alie kifuani pako, usimwambie nyamaza. Lakini mtoto aliyetorokwa akiamka saa saba za usiku atamtafuta mamake kila chumba, na wewe uliyekuwepo alipotoweka hatakuamini. Na kwa kuwa siku za kujifungua bado hazijafika, anza leo. Nenda kwao jioni, mwogeshe, mlishe, mlaze mara moja mamake akiwa chumba cha pili. Mikono yako aizoee mapema.

Kuna ndugu hapa juu ameshauri mtoto apewe dawa ya mafua "alale vizuri". Tafadhali, tafadhali, usifanye hivyo. Dawa za mafua na kikohozi hazipewi watoto wadogo hivyo bila daktari, na kumlaza mtoto wa watu kwa dawa ni kumhatarisha. Dawa yoyote itakayoingia mdomoni mwake iwe mamake ameijua.

Sasa nyumba yako. Hujazoea mtoto, basi piga magoti sakafuni uitazame kwa kimo chake. Sisi Mombasa maji tunayaweka akiba, kila choo kina ndoo na jaba, na hapo ndipo moyo wangu hautulii. Mtoto wa umri huo kichwa ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake. Akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujiinua, na maji ya kina cha viganja tu yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya. Ndoo tupu zipindue, zenye maji zifunike kwa kifuniko kinachobana, na mlango wa choo ufungwe kwa komeo. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yatoe kabisa chini. Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Jiko la makaa lisilale ndani, hata kama lina majivu tu.

Chakula cha jioni, wali laini na mchuzi wa maharagwe, au uji. Kama ni samaki, mchambue kwa vidole vyako mwenyewe, usitegemee macho, miba ya changu ni midogo. Karanga na korosho usimpe, humkwama kooni. Alishwe mapema, aogeshwe maji ya vuguvugu Magharibi ikiingia, kisha sauti za nyumba zishuke. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, ukijumlisha na wa mchana. Akilala mchana mpaka jioni, usitarajie alale saa mbili usiku.

Mlaze kwenye godoro chini, wewe kando yake, chandarua kimechomekwa pande zote. Kama amevalishwa uzi au hirizi shingoni, mwombe mamake kwa adabu aivue usiku huo au aihamishie kwingine; ni imani yao, usiidharau, lakini uzi shingoni mwa mtoto anayegeukageuka usingizini unaweza kumkaba. Joto letu unalijua: shati jepesi na pampasi vinatosha. Weka upepeo karibu, stima ikipotea feni itasimama naye ataamka papo hapo.

Ataamka. Usiwashe taa kubwa, usimchezeshe, usimpigie mamake video. Sauti ya mama isiyoshikika humzidishia kilio, na mamake naye yuko kwenye uchungu wake. Mbebe, tembea naye ukumbini polepole, mwimbie kwa chini wimbo mmoja tu, ule ule, mpe maji kidogo kwa kikombe chake. Angalia pampasi. Akikupapasa kifua kutafuta ziwa usimsukume, mgeuze taratibu umweke begani na umpe pindo la leso. Wengine hulia dakika chache, wengine muda mrefu, na kilio hicho si dalili kwamba hakupendi wala kwamba umeshindwa. Anamtaka mamake, ana haki.

Homa ni habari nyingine. Pwani hatuichezei kwa sababu ya malaria. Uwe na kipimajoto, na nyuzi 38 kwenda juu ni homa. Parasetamoli ya maji hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo kitabu chake cha kliniki kibaki kwako, na mamake akuandikie kipimo. Zipite si chini ya saa 4 kati ya dozi na dozi, na zisizidi dozi 4 kwa saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au akawa amelegea haamki vizuri, usingoje kukuche. Kwa hiyo mchana huu huu jua hospitali gani ya upande wako hupokea wagonjwa usiku, uwe na namba ya dereva wa tuktuk anayepokea simu, na pesa mkononi. Nanyi wengine mlioko Likoni, msihesabu hospitali iliyo ng'ambo ya feri kuwa ya karibu. Namba za dharura ni 999 na 112. Na mamake akutajie mtu wa pili wa kupigiwa, nyanya au khaloo (dada wa mama), kwa sababu yeye mwenyewe huenda asiweze kushika simu.

Adhana ya alfajiri huenda ikamwamsha. Akiwa mtulivu mwache agaegae kitandani, wengi hurudi kulala. Mamake akirudi, usishangae mtoto akimgeuzia uso kwanza au akaangua kilio upya, hasa akimwona amebeba kichanga. Usimsukumie mikononi mwake, keti naye karibu mpaka aende mwenyewe. Kisha mweleze mamake, hata asipouliza: alikula nini, alipata choo au la, aliamka mara ngapi, na kama ulimpa dawa, ilikuwa saa ngapi.