Kabla hujachagua jeni ya ukame, chimba uone mzizi

Juzi kijana mmoja anayeanza masta ameniandikia inboksi, anasema amesoma tasnifu yangu na yeye pia anataka kufanya jeni za ngano na ukame, sasa anauliza, "Dada, nichukue gani, DREB ama ile ya alizeti?" Nikaanza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu hadi kidole kikachoka, na najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mko kwa hiyo safari, mnataka propozali ipite, mnataka pepa, mnataka PhD, na siku moja mtoe aina ya ngano ambayo mkulima ataitaja kwa jina. Mimi pia nayataka hayo yote. Kwa hivyo wacha niseme ninachokijua.

Kijana wangu, hujauliza swali la kwanza. Hiyo ngano unayotaka kuisaidia inaumwa na nini?

Naelewa kwa nini DREB inavutia. Ni jeni inayotengeneza protini ya kuwasha jeni zingine nyingi kwa mpigo mmoja, mmea ukikosa maji ama ukipigwa na baridi, hivyo kwa karatasi inaonekana kama umeshika swichi kubwa ya nyumba. Watu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kule Mexico, waliingiza DREB1A ya mmea mdogo wa arabidopsisi ndani ya ngano, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba kwenye vyungu ngano hiyo ilichelewa kunyauka ikinyimwa maji. Kila mtu akafurahi. Lakini ilipopelekwa shambani na matokeo yakachapishwa 2012, kwa jumla haikuzidi ngano ya kawaida kwa mavuno pale maji yalipopungua. Kuchelewa kunyauka kwa chungu ni kitu kimoja, magunia ni kitu kingine kabisa. Ile ya alizeti, HB4, yaani jeni ya alizeti iliyoingizwa kwenye ngano ili ivumilie ukame, imefika mbali zaidi, Argentina waliiidhinisha 2020, lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi na pesa nyingi, si ya mwanafunzi mwenye bajeti ya kununua vifaa vya PCR, yaani vya kunakili DNA maabara, na nauli ya matatu.

Sasa nikwambie mimi nilifikaje nilipofika. Nimekulia Uasin Gishu, kwetu ngano si hobi, ni karo ya shule. Na kila mwaka mvua ikikatika kidogo tu wakati masuke yanatoka, shamba letu linageuka manjano, wazee wanasema ni ukame na maneno yanaishia hapo. Nilipokuwa natafuta mada ya masta nikarudi nyumbani na jembe, nikachimba pale ngano ilipokuwa imenyauka, na udongo wa chini ulikuwa na unyevu! Maji yako pale, mzizi hauko. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imekuwa kahawia kwa ncha, inatambaa kando badala ya kushuka. Nikapeleka udongo kupimwa, pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi inazidi, ilikuwa chini ya 5. Hapo ndo nilijua tunachokiita ukame kwetu nusu yake ni aluminiamu.

Aluminiamu iko kwenye udongo karibu kila mahali, imekaa tu ndani ya madini haidhuru mtu. Lakini udongo ukiwa na asidi kali, pH ikishuka chini ya 5 hivi, inayeyuka na kuingia kwa maji, na inaenda moja kwa moja kwa ncha ya mzizi. Ngano dhaifu mzizi wake unaacha kurefuka ndani ya masaa machache. Sasa mmea umefungiwa kwa tabaka la juu, na jua likiwaka wiki mbili hilo tabaka linakauka, unaona majani yananyauka unasema ukame. Na sisi tumeendelea kuweka mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka, ambayo nayo inaongeza asidi, bila chokaa.

Lakini kuna ngano zinazovumilia, na hapa ndo utamu wa jenetiki unaanza. Nyingi zina asili ya Brazil, kwa sababu kule wakulima walikuwa wanapanda ngano kwa udongo wa asidi na wakachagua zinazobaki hai muda mrefu kabla mtu hajajua jeni ni nini. BH 1146 ni ya huko, na Atlas 66 ya Marekani ina damu ya Frondoso, nayo ya Brazil. Mwaka 2004 Wajapani wakishirikiana na Waaustralia wakaitambua jeni yenyewe, ALMT1, iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu 4D (kromosomu ni uzi unaobeba jeni), na ndiyo ilikuwa jeni ya kwanza ya kuvumilia aluminiamu kupatikana kwenye mmea wowote. Kazi yake ni kutengeneza mlango kwenye seli za ncha ya mzizi, mlango unaotoa malati, asidi ileile iliyo kwenye tofaa, na malati inaikamata aluminiamu hapo nje kabla haijaingia. Wakaichukua jeni wakaiweka kwenye shayiri, na shayiri ni mnyonge sana wa asidi, ikavumilia.

Hapa nataka usome polepole. Ngano dhaifu nayo ina hiyo jeni! Tofauti iko kwa promota, ile sehemu ya mbele ya jeni, ambapo kwenye ngano nyingi za kuvumilia kuna vipande vilivyojirudia, na hivyo jeni inasomwa na seli kwa nguvu zaidi. Na haingoji aluminiamu ndo iwake, inasomwa muda wote, aluminiamu ikija inafungua tu mlango ambao tayari uko. Sasa fikiria wewe umefanya kama wengi wanavyofanya, umepima RNA, ile nakala inayoonyesha jeni inasomwa kiasi gani, kabla na baada ya kuutesa mmea, unatafuta jeni ambazo kusomwa kwake kumepanda. ALMT1 haitapanda. Utaitupa nje ya listi yako na ndiyo ilikuwa jibu.

Nilipoyapeleka haya mbele ya paneli, mmoja wao alinikatiza nikiwa bado kwa slaidi ya udongo, akasema aluminiamu ni mambo ya zamani, wafadhili wanataka ukame na mabadiliko ya tabianchi, nibadilishe kichwa. Mbele ya wenzangu wote. Nikamjibu huu ndio ukame wa kwetu, akacheka. Kusema kweli bado inaniuma, sitaficha, maana hakuuliza hata swali moja kuhusu ile mizizi niliyoleta kwa mfuko. Sikubadilisha. Nilikaa mwaka mzima na beseni za maji ya pH ya 4 na kidogo, mbegu zimeota juu ya neti, napima mizizi kwa rula, naipaka mizizi rangi ya hematoksilini ambayo inageuka zambarau pale aluminiamu imeingia. Siwezi kukusimulia zile siku zote, zinafanana. Mwishowe kuna laini za kwetu, yaani mbegu za ngano zinazozalishwa kwa majaribio, ambazo ncha za mizizi zilibaki nyeupe, promota yake ina vile vipande, na kwa shamba lenye asidi mizizi yake ilishuka hadi kwa ule unyevu. Mwezi huu pepa imekubaliwa. Nimeiprinti nikampelekea mzee wangu, Kiingereza cha mle ndani hakumsumbua, aliangalia picha ya mizizi akasema hii nipe mbegu.

Kwa hivyo vijana tuache kuchagua jeni kwa sababu iko kwa pepa kubwa! Nenda shambani. Chimba, na si kwa mmea mmoja, chimba kwa mgonjwa na kwa mzima aliye karibu. Pima pH ya juu na ya chini, kwa sababu chokaa mara nyingi inatibu juu peke yake na kule chini asidi inabaki, na ndiyo maana bado tunahitaji mbegu yenye jeni hata kama mkulima ana chokaa. Pima mzizi kwanza, jeni baadaye. Narudia, mzizi kwanza. Na ukifika kwa jeni kumbuka ngano ina seti tatu za kromosomu, A, B na D, saba saba, na ramani kamili ya 2018 ina jeni 107,891, kwa hivyo praima yako, kile kipande kifupi cha DNA kinachoilenga jeni kwenye PCR, isipotofautisha 4D na ndugu zake wa 4A na 4B utakuwa unapima kelele. Pia usiishie kwa ALMT1, kuna jeni ya MATE1B kwenye 4B inayotoa sitrati, asidi ileile iliyo kwenye limau, ilipatikana kwa ngano iitwayo Carazinho, nayo ni ya Brazil, na mmea wenye zote mbili ni kitu cha kuangaliwa vizuri.

Na kama kwenu si asidi, kama ni chumvi ama joto ama ni ukame kweli wa mvua kukosekana, sawa, fanya hiyo, hata DREB fanya, lakini uwe umeiona. Kijana uliyeniandikia, nitumie picha ya mizizi na pH ya shamba lako kabla ya kunitumia propozali, alafu tutaongea jeni.