Kikombe Kimevunjwa na Paka

*Shangazi, shikamoo. Mke wangu anamdekeza mtoto wetu wa miaka 5. Akikosea, badala ya kuchapwa anaulizwa "umekasirika?" Sasa ana maswali kama wakili, na ameanza uongo: amevunja kikombe changu, anasema ni paka. Mimi nikiingia tu, ananyamaza kimya. Nidhamu anaipata kwangu. Nimwambieje mama yake? Baba wa Nkuhungu, Dodoma.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kikombe. Pole yangu imeishia hapo.

Eti ananyamaza ukiingia. Vifaranga navyo hunyamaza wakiona kivuli cha mwewe. Na huo uongo usimbandike mkeo. Kwa mama anayeuliza na kusikiliza, mtoto ana haja gani ya kumsingizia paka? Ameupima mkono wako, akatafuta pa kujificha. Nimeona hukuandika unamchapa mara ngapi.

Mtoto akiambiwa "umekasirika kwa sababu mwenzio kakunyang'anya mpira", anapata jina la kile kinachomchemka kifuani. Kesho atakisema, hatang'ata mtu. Hizo "kwa nini" zake zikijibiwa, anajifunza kwamba jambo hili huzaa lile, na hesabu za shuleni zinataka kichwa cha namna hiyo. Mwenye hofu hawazi kikombe kiliangukaje. Anawaza fimbo iko wapi.

Utaniambia sisi tulichapwa na tumekua. Tumekua, ndiyo, na wanaume wangapi hapo mtaani kwenu wanaweza kumwambia mke "nisamehe"? Tena wa siku hizi wasiochapa nao wana yao: mtoto akilia anapewa simu, basi. Mwenye fimbo na mwenye simu wote wanatafuta kimya.

Hapo hapo Dodoma, Desemba 2021, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Ndani yake kuna malezi yenye mwitikio: mtoto akisema, mzazi ajibu, akitaka kucheza, mzazi acheze naye. Mkeo anafanya hayo bila semina wala posho, wewe unamshtaki kwangu.

Sijasema mtoto aachiwe. Kikombe kikivunjika, akushikie kizoleo wewe ukifagia, na aseme mwenyewe kilivunjikaje.

Leo ukirudi, acha taarifa ya habari. Kaa naye mkekani, umuulize huyo paka alifikaje mezani. Usimkatize. Atakachokujibu, niandikie.