Mwanao mwenye ualbino hahitaji kuhamishiwa shule ya wasioona

Dada uliyeandika kutoka Same, hongera kwa kumpigania mwanao. Umesema yuko darasa la tatu, ana ualbino, amepewa miwani na bado haoni ubaoni, na mwalimu anashauri umpeleke shule ya wasioona akajifunze nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Mimi pia nina ualbino. Nimesoma shule za kawaida tangu la kwanza mpaka chuo, na sasa ni mhasibu hapa Dar. Naomba nikujibu kwa kirefu.

Miwani haimtoshi kwa sababu tatizo kubwa liko nyuma ya jicho. Ile rangi tunayoikosa kwenye ngozi na nywele hukosekana pia ndani ya jicho, na bila hiyo sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), inayoona vitu vidogo vidogo, haikomai vizuri tangu mtoto yuko tumboni. Miwani husafisha picha inayofika pale, basi. Lakini asiivue, maana wengi wetu tuna kasoro nyingine ambazo miwani huzirekebisha kweli. Kinachobaki baada ya miwani sahihi ndicho uoni hafifu: kipimo kilicho chini ya 6/18 mpaka 3/60 kwenye jicho lililo bora. Mtoto wa 6/60 inabidi asimame mita 6 kuiona herufi ambayo mwenzake anaiona akiwa mita 60. Huyo anaona! Na tofauti na mwenye glakoma (presha ya macho) ambayo haijatibiwa, uoni wetu kwa kawaida haushuki mwaka hadi mwaka. Nukta nundu ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kusoma wino, yaani maandishi ya kawaida. Mwanao, kwa maelezo yako, anausoma wino akiusogeza karibu.

Umeuliza kama kusoma daftari likiwa limegusana na pua kunamharibu macho. Hapana, kabisa. Mwacheni. Kitabu kikitoka sentimita 25 kikaja 5, maandishi yanakua mara 5 machoni pake, tena bure. Macho ya mtoto bado yana nguvu ya kulenga karibu hivyo. Mimi nimevuka miaka 40, nguvu hiyo imepungua, ndiyo maana mezani kwangu kuna lenzi ya dayopta 20 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ambayo naishika kama sentimita 5 juu ya karatasi huku nikiinamisha uso mpaka karibu na lenzi yenyewe, ndipo naona maneno mengi kwa pamoja. Usidanganyike na zile lenzi kubwa za duara zinazouzwa mitaani. Lenzi kadiri inavyokuwa pana ndivyo inavyokuza kidogo.

Sasa jambo ambalo walimu wengi hawalijui, na mimi liliniumiza sana shuleni. Umesema macho yake yanachezacheza na anapotazama ubao hugeuza shingo upande mmoja, mwalimu anamwambia akae sawasawa. Tafadhali nenda ukaongee na mwalimu huyo, kwa upole lakini uende. Kuna upande ambao macho yakielekezwa huko yanatulia, na mtoto huugundua mwenyewe bila kufundishwa. Akigeuza shingo anatafuta utulivu huo. Ukimnyoosha kichwa, unamwondolea uoni mzuri kuliko wote alio nao. Mwalimu atazame shingo inageukia wapi, kisha ampangie dawati la mbele kwa upande unaomfaa, dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga usimpige usoni. Na aruhusiwe kuinuka kwenda kusoma ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara.

Kwa ubao wa mbali kuna darubini ndogo ya mkono, ya jicho moja, inayokuza mara 4 au zaidi. Ni nzuri ila inataka mazoezi. Kadiri inavyokuza ndivyo eneo linaloonekana linavyopungua, na mtoto akiiweka jichoni ghafla anapotea kabisa. Afundishwe kwanza kutazama kitu kwa macho matupu, akikipata asikiachie, ndipo apandishe darubini. Aanzie nyumbani, kwenye kibao cha duka au namba ya gari lililosimama, kabla ya darasani mbele ya wenzake.

Vingine havina gharama kubwa. Kofia yenye ukingo mpana hukinga ngozi na hupunguza mwanga machoni. Miwani ya giza ivaliwe juani, ndani ya darasa humwongezea shida. Aandike kwa kalamu nyeusi yenye wino mzito. Kata kadi nyeusi, toboa dirisha la upana wa mstari mmoja, aiteremshe ukurasani: hapotezi mstari na mng'ao wa karatasi unapungua. Simu nayo ni kifaa kikubwa, kamera yake inakuza maandishi na inaweza kupiga picha ya ubao akanakili baadaye. Uongozi wa shule ukikubali, itumike.

Kuhusu mitihani usiwe na hofu. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na huwaongezea muda, ila lazima shule imsajili mapema kwa hali hiyo. Hilo ulifuatilie mwenyewe, usilisubiri.

Ukiwa Same, hospitali ya KCMC pale Moshi ndiyo karibu. Kwa huku Dar kuna hospitali ya CCBRT. Mwombe mhusika akuelekeze kwenye huduma ya uoni hafifu, usiishie kwenye dirisha la miwani. Nenda na daftari la mtoto na kitabu anachotumia darasani, wampime akisoma kile kile anachosoma kila siku. Mwambie pia mpimaji umbali kati ya dawati lake na ubao, maana nguvu ya darubini hutegemea hapo. Na usiagize darubini mtandaoni kabla ya kupimwa.