Jibu: Meza nyepesi ya chuma inayumba baada ya kufungwa magurudumu

Habari ndugu. Nimekuelewa kwamba meza yako ya kazi ni ya bomba jembamba la mraba, na kwamba tangu uifunge magurudumu manne inayumba kila unapopiga tupa, ingawa breki umezikaza.

Kagua kwanza miguu yenyewe: yatoe magurudumu, shika ukingo wa meza na uusukume kwa upande. Ikicheza, kosa liko kwenye fremu, na dawa yake ni kuchomelea vyuma vya mshazari nyuma na ubavuni.

Fremu ikiwa imara, fahamu kwamba breki za kawaida huzuia gurudumu kubingirika tu, ilhali sehemu yake inayogeuka bado hucheza kidogo. Ndiyo maana kwenye meza yangu niliyaondoa yote manne, nikafunga mawili yasiyogeuka, ubavuni mwa miguu ya upande mmoja, yakiwa milimita chache juu ya sakafu. Nikitaka kuihamisha nainua upande wa pili kama toroli, na nikifanya kazi miguu yote inakanyaga chini.

Ukishikilia manne, usiyachomeke ndani ya bomba (mguu wangu mmoja ulipasuka hivyo), bali chomelea bati la milimita 5 chini ya kila mguu na ulifunge gurudumu hapo kwa bolti. Ili kujua kila gurudumu lihimili uzito gani, jumla ya uzito wa meza, jiliwa (kifaa cha kubania chuma mezani) na zana igawe kwa tatu, si kwa nne, kwa kuwa sakafu ya saruji isipokuwa sawa gurudumu moja huning'inia.

Ukinitajia unene wa ukuta wa bomba, nitakuambia kama litahimili kuchomelewa bila kutoboka.