Paa la Lincoln linazama wapi?

SWALI: Mambo vipi fundi. Nimeona video ya Lincoln Continental ya 1961, ile ya wazi yenye milango minne, jamaa kabonyeza swichi tu paa likainuka likajikunja likazama kwenye buti, na buti lenyewe linafungukia kinyumenyume. Inafanyikaje hiyo, na ndo ile gari ya Kennedy?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa ndugu yangu. Siyo hiyo, ya Rais Kennedy ilitoka kiwanda hichohicho cha Wixom, Michigan, ila ikapelekwa Cincinnati kwa kampuni ya kuunda bodi ya Hess & Eisenhardt wakaikata wakairefusha, na paa lake lilikuwa la vipande vya kupachika na kutoa, vingine plastiki angavu. Mambo ya swichi hayakuwepo.

Sasa hiyo uliyoiona. Ford, ambao ndo wenye Lincoln, walishatoa gari la Skyliner 1957, paa la chuma kabisa linaingia kwenye buti, wakaiacha 1959 ila ujuzi ukahamia Lincoln. Ukibonyeza, mota zinaachia kwanza loki za buti, pampu ya haidroliki inanyanyua mfuniko ambao bawaba zake ziko nyuma kabisa, ndo maana unaona unafunguka kinyume, kisha turubai linaachana na fremu ya kioo cha mbele linajikunja linashuka, mfuniko unarudi juu yake. Kompyuta hamna humo! Ni relei (swichi zinazowashwa kwa umeme) na swichi ndogondogo tu, hatua moja ikiisha inagusa swichi ya hatua inayofuata, kwa hiyo kimoja kikipata kutu paa linagoma nusu njia huku mvua hiyo inakuja, na fundi asiyejua atakuuzia pampu mpya wakati relei ndo imekufa.

Halafu angalia mlango wa nyuma, unafungukia nyuma na ukiufungua kioo chake kinashuka kidogo chenyewe ili kisikwaruzane na cha mbele, maana nguzo ya katikati haifiki juu. Mi hapo ndo huwa nawavulia kofia.

Ila paa likishaondoka bodi inalegea, na hii haina chasisi ya kujitegemea, ikabidi waongeze vyuma chini. Ndo maana ni nzito kuliko ile yenye paa la kudumu, inapita kilo 2,300, inavutwa na V8 ya lita 7. Mwaka huo wa 1961 zilitoka 2,857 tu za wazi.

Na begi la safari? Paa likiwa humo ndani, weka siti ya nyuma.