Afande wa Bombo anauliza: Kraków nitaimudu?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, nilitumikia Masindi miaka mingi, sasa naishi Bombo, hapa Uganda. Binti yangu anasoma Kraków, Poland, na ananiita nikamwone wiki moja mwezi wa Januari. Pa kulala anapo. Akiba ninayo kidogo, ila jirani wananitisha kwamba Ulaya itaimaliza yote. Halafu nguruwe nitamkwepaje? — Afande, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, Afande. Januari iache, tafadhali. Baridi hushuka chini ya sifuri, na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nenda Mei, au Septemba mwishoni. Hata hivyo pitia soko la Owino, Kampala, ununue koti la mitumba. Langu lilikuwa na zipu mbovu, fundi akaishona palepale, na huko hakuna aliyenitambua kuwa mgeni wa baridi.

Pesa nyingi zitakutoka kabla hujafika. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia Poland na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90, nazo hazirudi hata ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Binti aandike barua ya mwaliko mapema, na tiketi ya ndege usiilipe kabisa mpaka viza iwe mkononi, buking inatosha. Linganisha pia bei ya kushukia Warsaw: treni ya kutoka huko hadi Kraków ni kama saa mbili na nusu, na tiketi ikikatwa mapema huwa nafuu.

Ukishafika, miguu ndiyo gari. Mji mkongwe wote unazungukwa na bustani ya Planty, na uwanja wake mkuu, Rynek, ulipimwa mwaka 1257. Kila upande una mita 200 hivi. Kuuona ni bure. Kupanda kilima cha Wawel, kwenye kasri la wafalme, ni bure pia. Unalipa ukitaka kuingia vyumbani. Kila saa inapogonga simama chini ya mnara wa kanisa la Mariacki. Dirisha linafunguka, mpiga tarumbeta anapuliza, halafu wimbo unakatika ghafla katikati ya sauti. Wenyeji wanasimulia kwamba mlinzi wa zamani alichomwa mshale wa koo akiwa anawatahadharisha watu kuhusu wavamizi wa Kitatari. Wewe wa jeshini utaielewa hiyo tarumbeta kuliko mimi.

Chakula: tafuta *bar mleczny*, mikahawa ya bei ya chini iliyobaki tangu enzi za ukomunisti. Unapanga foleni, unalipa, unabeba sahani mwenyewe. Agiza *pierogi ruskie*, vitu kama sambusa za kuchemshwa, ndani viazi na jibini. Ila angalia hapa: huwa wanamwagia juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema *bez skwarek* kabla hawajapakua. Neno *wieprzowina* ukiliona kwenye orodha, huyo ndiye nguruwe mwenyewe. Asubuhi nunua *obwarzanek*, mkate wa pete wenye ufuta, kwenye vigari vya barabarani. Mmoja na chai unakufikisha mchana.

Dola zako zibadilishe kwenye *kantor*, duka la kubadilishia pesa, lakini usifanye kama mimi. Niliona kibao cha "hakuna komisheni", nikatoa noti zangu kwa furaha, na karibu robo ya pesa ikapotea kwenye bei mbaya. Soma safu ya *kupno*, maana wao ndio wanaonunua dola yako. Shilingi ya Uganda iache nyumbani.

Mgodi wa chumvi wa Wieliczka ni mzuri kweli, ila kiingilio kinauma na ngazi ni 800. Kama magoti yamestaafu pamoja nawe, uruke. Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kuingia bila kiongozi hakulipiwi, lakini binti aweke nafasi mapema kwa jina lako.

Na kwa kuwa ulikaa Masindi: lile kanisa la Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo, lilijengwa na wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lipige picha, uiweke kwenye simu. Mimi nilimwonyesha bibi mmoja muuza obwarzanek. Akaita wenzake wawili waje kuitazama, na mkate wa siku ile sikulipa.